Magunia Mangapi kwa Ekari?

Ukitaka kujua mkulima wa Mngeta huvuna magunia mangapi ya mpunga kwa ekari, hutakosa wa kukujibu. Dereva wa lori atasema ishirini, maana yeye hupakia kwa wale wenye mzigo. Mwenye mashine ya kukoboa atasema kumi na tano. Mama ambaye shamba lake lilizama mwezi wa nne atasema saba, tena atamshukuru Mungu. Bwana shamba ana namba iliyomo kwenye taarifa, na mwenyekiti wa kijiji ana namba ambayo angependa iingie kwenye taarifa. Hakuna anayesema uongo, labda huyo wa mwisho kidogo. Kila mmoja amewachukua wale aliowaona akawafanya kuwa ndio Mngeta nzima.

Sura hii inahusu namna ya kupata jibu lililo bora kuliko hayo yote bila kumuuliza kila mtu.

Mngeta imekaa katika ukanda mwembamba kati ya milima ya Udzungwa na tambarare la mto Kilombero, kwenye njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Mito hushuka milimani, mto Mngeta ukiwa mmojawapo, ikaja na mchanga wake na kuutandaza pale chini ya mlima. Ukiteremka kilomita chache kuelekea bondeni mchanga unakwisha, unaanza udongo mzito wa mfinyanzi, ambao maji yakituama hayatoki mpaka yapende yenyewe. Mwenye shamba la juu huomba mvua izidi, wa chini huomba ipungue, na wote wawili wanaingia katika wastani mmoja. Kuna na mbegu. Huyu kapanda Supa kwa ajili ya harufu na bei yake, yule kapanda Saro 5, ambayo watafiti waliitoa kwa jina la TXD 306, kwa sababu huzaa zaidi. Mmoja amemwaga mbegu kwa mkono, mwingine amevuta kamba na kuhamisha miche mmoja mmoja kwa kilimo shadidi. Na katikati yao lipo lile shamba kubwa la zaidi ya hekta 5,000, lililoanzishwa miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, na mwaka 2008 likaingia mikononi mwa Kilombero Plantations Limited. Shamba la namna hiyo lina mizani na vitabu vyake. Mkulima wa ekari tatu hana kitabu, na yeye ndiye tunayemtafuta.

Mahali ambapo mashamba yote yangefanana, kumuuliza mtu mmoja kungetosha. Tatizo la wastani ni tatizo la kutofautiana, na Kilombero inatofautiana kuliko sehemu nyingi.

Ajabu ni kwamba mfanyabiashara wa mchele analijua somo hili tangu zamani. Anapofika kwenye marundo ya magunia hafungui gunia hata moja. Ana bambo mkononi, kile chuma chenye ncha na mfereji, anachoma gunia la juu, anachoma la pembeni, anainama kulichoma la chini kabisa, kila mara anamwaga punje chache kiganjani na kuziangalia. Anajua muuzaji hupanga mzuri mbele na wenye chenga nyuma. Kwa hiyo hachomi pale anapoonyeshwa. Punje za kiganja kimoja zinaamua bei ya tani kumi, na hakuna anayemwambia kwamba amekosea kwa kutokuzihesabu punje zote. Kinachompa haki ya kuamini kiganja chake ni kwamba muuzaji hakujua bambo litaingia wapi.

Sasa turudi kwa wakulima. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuwauliza wote. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanya hivyo ikapata Watanzania 61,741,120, lakini ilikuwa kazi ya taifa zima, na hurudiwa baada ya miaka kumi. Mpunga huvunwa kila mwaka. Hata ile tunayoiita Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, iliyofanyika kwa msimu wa 2019/20, kwa upande wa wakulima wadogo ilikuwa sampuli. Mashamba makubwa yalihesabiwa yote, wadogo wakateuliwa. Mpango huo ni wa busara, kwa sababu wakubwa ni wachache na kila mmoja ana uzito wa kijiji kizima.

Wazo la pili ni kuwauliza unaowakuta, na hili ndilo linalotawala. Gari linatoka Ifakara asubuhi, linasimama penye kivuli kando ya barabara, mwenyekiti keshawaandaa wakulima kumi wa mfano, chai inanyweka, dodoso zinajazwa. Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa utawala nchini Kenya, aliiandika tabia hii mwaka 1983 na kuiita utalii wa maendeleo vijijini. Wageni huona walio kando ya barabara, walio karibu na mradi, wanaume kuliko wanawake, tena wakati wa kiangazi tu njia zikiwa kavu. Ukiisoma orodha yake ukiwa Mngeta utadhani aliiandikia hapo. Walio ng'ambo ya mto mwezi wa nne nani atawafikia? Na mavuno yao ndiyo yanayotofautiana zaidi na ya walio barabarani.

Ubaya wa njia hii hautibiwi kwa kuongeza watu. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kabla hatujaingia kwenye hesabu. Wakulima kumi wa kando ya barabara watakupa jibu la barabara, na wakulima elfu moja wa kando ya barabara watakupa jibu lilelile la barabara, ila sasa utaliamini zaidi. Mwaka 1936 nchini Marekani jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha zao zilitoka kwa wenye simu na magari, katika miaka ya dhiki, na wengi wa walioandikiwa hawakujibu kabisa.

Njia ya tatu ni bahati nasibu. Inaonekana kama mchezo, na wazee wengi wa kijiji huiona hivyo mara ya kwanza: jambo zito kama hili mnalitupia kura? Lakini kura ndiyo njia pekee ambayo mwenyekiti hawezi kuielekeza, wala mtafiti mwenyewe.

Inaenda hivi. Tuseme kijiji kina kaya 600 zinazolima mpunga. (Namba za mfano huu ni zangu, za kufundishia tu, usizipeleke kwa mkuu wa wilaya.) Kila kaya inapewa namba, kuanzia 1 hadi 600. Unaandika namba hizo kwenye vikaratasi vinavyolingana, unavikoroga ndani ya ndoo, mtoto anachomoa vikaratasi 10 bila kuangalia, na kilichochomolewa hakirudishwi. Basi. Sharti ni moja: kundi lolote la kaya kumi liwe na nafasi sawa kabisa ya kutoka na kundi lingine lolote la kumi. Kuna uwezekano mdogo sana watoke ndugu kumi wa mwenyekiti. Uwezekano huo upo, lakini unahesabika. Upendeleo wa mwenyekiti hauhesabiki.

Vikaratasi vikichosha kuna namna nyingine. Mwaka 1927 Mwingereza L. H. C. Tippett alichapisha kitabu cha tarakimu 41,600 alizoziokota kwenye taarifa za sensa, kurasa kwa kurasa za namba zisizo na mpangilio, ili watu wateue sampuli kwa kufuata tarakimu hizo. Ni kati ya vitabu vichache ambavyo kukuta mantiki ndani yake ingekuwa kasoro. Leo simu ya mkononi inafanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Kitu ambacho hakifai ni mkono wa binadamu. Mwambie karani achague nyumba yoyote, na bila kukusudia atairuka yenye mbwa mkali, ya mlevi, na ile ya mwisho kabisa baada ya daraja la magogo.

Kaya zetu kumi zimetoka, tumezipimia mavuno, na tumepata magunia haya kwa ekari: 9, 14, 7, 18, 12, 22, 10, 15, 8 na 15. Jumla ni 130, wastani 13. Mpaka hapa hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Uzuri wa bahati nasibu unaanza baada ya hapo, kwa sababu hizo namba kumi zinatuambia pia jinsi tunavyoweza kuwa tumekosea.

Angalia kila kaya imeachana kiasi gani na 13. Ya kwanza iko chini kwa 4, ya pili juu kwa 1, ya sita juu kwa 9, na kadhalika. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe ili zile za chini zisizifute za juu, zijumlishe zote: utapata 202. Gawanya kwa 9, yaani idadi ya kaya ukiondoa moja, upate 22.4, kisha tafuta kipeuo cha pili: 4.7. Huo ndio mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi wakulima wanavyotofautiana wao kwa wao. Wastani wa kaya kumi hautangitangi kiasi hicho, kwa sababu aliyepata 22 anasawazishwa na aliyepata 7. Gawanya 4.7 kwa kipeuo cha pili cha 10 upate 1.5. Hilo linaitwa kosa sanifu. Maana yake ni kwamba kama tungeirudia kura yetu mara nyingi, kila mara na kaya kumi nyingine, wastani wetu ungekuwa unapanda na kushuka kwa kama gunia moja na nusu.

Mazoea ni kuchukua mara mbili ya kosa hilo kila upande, lakini kwa kaya kumi tu mara mbili haitoshi. Aliyeligundua hili alikuwa William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa akihangaika na sampuli ndogo za shayiri na kimea. Mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, hivyo makala yake ya mwaka 1908 aliitia saini ya "Student", na wanafunzi wa takwimu duniani kote wanamjua mpaka leo kwa jina hilo la bandia. Kwa kaya kumi, jedwali lake linataka tuzidishe kwa 2.26. Tunapata magunia 3.4. Kwa hiyo jibu la kweli tunalopaswa kulitoa ni hili: wastani wa kijiji ni kama magunia 13 kwa ekari, na huenda uko popote kati ya 9.6 na 16.4. Njia hii ikifuatwa vizuri, hukosa mara 1 tu kati ya 20.

Masafa hayo ni mapana, najua. Mwenye kutoa mikopo ya pembejeo hawezi kufanya nayo kazi. Basi tuongeze kaya. Wakulima wakiendelea kutofautiana kwa kiasi kilekile, kaya 40 zitatupa kosa sanifu la 0.75, na kaya 160 la 0.37 hivi. Ili kosa lipungue nusu lazima kazi iongezeke mara nne. Hapa ndipo bajeti na usahihi hugombana, na nionavyo mimi, kwa kijiji kimoja, kaya 40 zinatosha kabisa kwa maamuzi mengi. Anayetaka 160 aulizwe kwanza ni uamuzi gani utakaobadilika kwa masafa kupungua robo tatu za gunia kila upande.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu hawalikubali kirahisi, hata waliosoma. Kaya 40 kutoka kijiji cha kaya 600, na kaya 40 kutoka wilaya ya kaya 60,000, hutoa usahihi unaokaribiana sana, mradi wakulima wanatofautiana kiasi kilekile. Kwa kijiji kosa ni 0.72, ukizingatia kwamba kaya 40 kati ya 600 tayari zimepimwa; kwa wilaya ni 0.75. Yule mfanyabiashara wa bambo halioni hili kuwa ajabu: hachomi magunia mengi zaidi kwa sababu ghala ni kubwa, huchoma mengi zaidi akiona mchele umechanganyika. Lakini kwenye mikutano utasikia mtu mzima akisimama na kusema sampuli lazima iwe asilimia kumi ya watu wote. Asilimia kumi ya kijiji kidogo ni chache mno, na asilimia kumi ya mkoa ni kupoteza fedha za umma. Kinachohesabika ni idadi ya waliochomolewa na jinsi wanavyotofautiana.

Kama kutofautiana ndiko adui, unaweza kukupunguza kwa kukujua mapema. Tunajua mashamba ya chini ya mlima hayafanani na ya bondeni. Basi tenga orodha mbili, piga kura mbili, kisha unganisha matokeo kwa uzito wa kila ukanda. Kosa litashuka bila kuongeza hata kaya moja. Kwa upande mwingine, Ofisi ya Taifa ya Takwimu haiwezi kuchomoa kaya moja Mngeta, moja Malinyi, moja Mahenge. Mafuta ya gari yangeisha kabla ya dodoso. Huteua kwanza maeneo ya kuhesabia, kisha ndani ya kila eneo huteua kaya kadhaa. Ni nafuu, ila ina gharama iliyojificha: majirani hufanana. Wanakunywa mvua moja, wanaazimana mbegu, wanafurikiwa usiku mmoja. Kaya kumi za kitongoji kimoja hazina habari nyingi kama kaya kumi zilizotawanyika.

Kabla ya kwenda shambani lazima tuulizane pia: wastani wa nani? Chukua wakulima wawili. Mmoja ana nusu ekari, kaivunia magunia 11, yaani 22 kwa ekari. Wa pili ana ekari kumi, kavuna 80, yaani 8 kwa ekari. Ukichukua 22 na 8 ukagawa kwa mbili unapata 15. Ukichukua magunia yote 91 ukayagawa kwa ekari zote 10 na nusu unapata 8.7. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni wastani wa mkulima, na bwana shamba anayetaka kujua hali ya watu wake aitumie hiyo. Ya pili ni wastani wa ekari, na anayepanga malori, maghala au chakula cha mkoa aitumie ya pili. Taarifa nyingi hazisemi ni ipi, na nimeona watu wakibishana hadi jioni, kila mmoja ameshika wastani wake, wote wakiwa na haki.

Kura ina nguvu, ila haiwezi kumchomoa mtu ambaye jina lake halimo ndooni. Orodha ya kijiji inaandikwa kwa makazi, lakini mpunga wa Kilombero hauheshimu makazi. Ekari kadhaa za Mngeta ni za watu wanaoishi Ifakara au Dar es Salaam, wanaokuja kulima na kuvuna tu. Wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao nao hulima, na majina yao hayamo daima kwenye daftari la mtendaji. Tena hata walioandikwa hawapo. Msimu ukianza, familia nyingi za bonde hili hufunga nyumba kijijini, zikahamia mashambani na kukaa kwenye vibanda na madungu, kuwinga ndege na kulinda mpunga hadi uvunwe. Karani akija mwezi wa nne anakuta kufuli.

Akikuta kufuli afanye nini? Desturi ni kugonga mlango wa jirani. Ni kosa kubwa, kwa sababu aliyebaki nyumbani si sawa na aliyekwenda bondeni: pengine ni mgonjwa, pengine ana duka, pengine shamba lake ni la karibu na barabara. Ukimchukua yeye umerudi kulekule kwenye utalii wa Chambers kwa mlango wa nyuma. Watafiti walioshirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara waliwahi kulikabili tatizo hili uso kwa uso. Walitaka kujua kama kuhamia shambani kunabadilisha hatari ya malaria, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 waliteua kwa bahati nasibu kaya za wakulima zipatazo 100, kisha wakazifuata kila mwezi kwa miezi sita, kijijini na shambani, popote zilipokuwa. Kaya mia moja si nyingi. Waliteuliwa kwa kura na walifuatwa, na hayo mawili ndiyo yanayoupa utafiti thamani. Ifakara walikuwa na bahati nyingine pia: mwaka 1996 walianzisha mpango wa kuandikisha kaya zote za vijiji 25 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vifo na vizazi na kuhama, wakizizungukia kaya hizo mara tatu kwa mwaka. Mwenye daftari la namna hiyo anapiga kura kabla ya chai ya saa nne.

Baada ya orodha, kipimo. Gunia ni nini? Gunia lililofungwa usawa wa mdomo na gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, yote mkulima huyaita gunia. Mpunga uliopimwa siku ya kupura una maji ndani, ukianikwa uzito unashuka. Ekari nazo ni za kukisia: Uganda, Calogero Carletto na wenzake walipolinganisha maneno ya wakulima na vipimo vya GPS (2013), walikuta wenye mashamba madogo huyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, na wenye makubwa huyapunguza. Makosa haya hayatawanyiki huku na huku yakafutana. Kila kosa lina upande wake linakoegemea, na hakuna idadi ya kaya itakayoyaondoa.

Kwa hiyo ukiweza usiulize, vuna. Unateua sehemu ya shamba kwa kura, unaweka fremu ya mraba, unakata kila shina lililomo ndani, unapura, unakausha, unapima kwa kilo. Ofisa wa Kiingereza nchini India, J. A. Hubback, alianza kuvuna vipande vya mpunga kwa bahati nasibu kule Bihar na Orissa mwaka 1923, na taarifa yake ya 1927 ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za aina hii duniani. Hapo pia zao lilikuwa mpunga. Wahindi wenyewe waliiendeleza, P. C. Mahalanobis kule Bengal akitangulia. Kisha P. V. Sukhatme akaonyesha mwaka 1946 kwamba vipande vidogo mno hudanganya. Mashina yaliyosimama juu ya mpaka wa fremu, mkono wa mpimaji hupenda kuyaingiza ndani, na kipande kikiwa kidogo mpaka ni mwingi kuliko tumbo. Matokeo ni mavuno ya kupendeza yasiyokuwepo. Anayeweka fremu ya mita moja kwenye jaruba la Mngeta alikumbuke jina hilo, na bora atumie mita tano kwa tano.

Nimalizie kwa namba moja ya hapahapa ambayo imesafiri sana. Yuko Nakano na wenzake, katika makala ya mwaka 2018, waliandika kwamba wakulima wadogo waliopata mafunzo kutoka shamba kubwa la bonde hili walifikia wastani wa tani 5 za mpunga kwa hekta, kwa kutegemea mvua tu. Ni kama tani mbili kwa ekari, mavuno ya kujivunia. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: huo ni wastani wa waliofunzwa, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kutenganisha faida ya mafunzo na bidii ambayo watu hao huenda walikuwa nayo tangu awali. Lakini mtu akiinyanyua hiyo 5 na kuandika kwamba wakulima wa Kilombero huvuna tani 5, amefanya kazi ya yule dereva wa lori.

Wastani wa Mngeta wenyewe, wa wote, unaweza kujulikana, tena kwa gharama ndogo. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku huandikishwa kijijini kwa majina na ukubwa wa mashamba yao. Daftari hilo lina kasoro zake: asiyetumia mbolea hana haja ya kujiandikisha, na anayetaka mifuko zaidi huongeza ekari. Kasoro hizo zinajulikana, na zinarekebishika kwa kuwaongeza waliokosekana kitongoji kwa kitongoji na kupima ekari kwa simu. Kura ya majina 40 ipigwe hadharani siku ya mkutano wa kijiji, mbele ya wote, ili asiwepo wa kusema fulani kapendelewa. Gharama iko kwenye kupima: mizani, kamba, fremu, pikipiki na watu wawili wenye subira kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba ina maofisa ugani wa kuifanya kazi hiyo. Waanze msimu huu, na namba watakayoipata waitangaze pamoja na kosa lake.